Tumbo la Kochi

Kochi lilikuja asubuhi juu ya mkokoteni, limefungwa kamba kama mhalifu anayepelekwa kituoni. Nyuma yake alitembea mwalimu mstaafu, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umeshika kiuno.

"Bi Sponji yupo?" aliuliza mlangoni, ingawa alikuwa anamtazama.

Bi Sponji aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila hata mumewe alishaacha kulitumia. Kazi ya makochi aliianza akiwa msichana, akiokota pini sakafuni kwa fundi mwingine, na sasa karakana ilikuwa yake na sifa zilikuwa zake. Watu walisema kochi la Bi Sponji unalinunua wewe, wanalikalia wajukuu. Walisubiri zamu miezi na miezi. Mteja akimharakisha, alijibiwa, "Kochi lina haraka, lakini kiuno hakina spea."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Lakini leo sijaja kwa wema, mwanangu. Walimu wenzangu walinichangia hili nilipostaafu. Wakaniambia, tumekuchukulia kwa Bi Sponji, sasa pumzika. Nimepumzika mpaka nimezama. Juzi mke wangu aliniita chai, nikashindwa kutoka."

Mwenye mkokoteni alicheka. Mwalimu hakucheka.

Bi Sponji alilizunguka kochi lile taratibu, kama mtu anayemzunguka mbwa asiyemjua. Umbo lilikuwa lake. Mikono iliyoviringika vile, mgongo ulioinama kidogo nyuma, vyote alivibuni yeye. Lakini kitambaa hakukikumbuka, na yeye alikumbuka kila kitambaa alichowahi kukata. Alilipindua. Chini palikuwa na lebo yake nyekundu, kile kipande cha kitambaa alichokidarizi jina lake kwa mkono na kukishona kwenye kila kochi kabla halijatoka mlangoni.

Alichukua mkasi akafungua tumbo la kochi.

Badala ya springi na mikanda, alikuta maboksi yaliyokunjwa. Badala ya sponji nzima, alikuta vipande vya rangi zote vimebandikwa kwa gundi, pamoja na matambara na soksi moja ya mtu mzima. Aliivuta ile soksi ikatoka ndefu, na Mwalimu akaitazama kwa huzuni kama anayeonyeshwa kilichomuua.

"Niachie, Mwalimu," alisema. "Nitakutengenezea."

"Kwa hiyo ni la kwako?"

Bi Sponji aliigeuza lebo kwa kidole. Akisema si lake, lebo inamsuta. Akisema ni lake, soksi inamsuta zaidi.

"Niachie," alirudia.

Mwalimu alipoondoka, Bi Sponji aliivuta droo ya meza yake. Lebo alikuwa akizidarizi mwenyewe kila zilipopungua, akazitupa humo bila kuzihesabu, maana nani ahesabu jina lake? Sasa alizitazama kama mtu anayeutazama mkoba uliokuwa wazi. Nyuma ya ukuta randa ilikuwa inalia. Huyo alikuwa Fundi Kimya, seremala wake wa fremu, mtu ambaye angeweza kufanya kazi kuanzia asubuhi mpaka jioni na maneno yake yote ukayaweka kwenye kiganja. Droo ile waliifikia yeye na Kimya. Kaka yake pia aliingia na kutoka apendavyo, lakini Bi Sponji hakumhesabu, kama vile mtu akihesabu waliomo chumbani anavyojisahau mwenyewe.

Huyo kaka ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki aliacha shule, akabeba mizigo sokoni, akauza baiskeli yake ili mdogo wake apate cherehani ya kwanza. Sasa alikuwa na pikapu, na ndiye aliyesambaza makochi kwa wateja. Mchana ule alipokuja kupakia, Bi Sponji alimwonyesha maboksi na soksi.

Kaka aliguna. Aliishika soksi, akaitupa. "Mdogo wangu, kikulacho ki nguoni mwako."

"Unamaanisha nani?"

"Mimi sitaji mtu. Lakini umewahi kujiuliza kwa nini huyo bubu wako huondoka kila nikifika na gari? Wewe unahangaika kupakia, yeye huyo, anatokomea. Anakwenda wapi?"

Bi Sponji aligeuka. Kweli, randa ilikuwa imenyamaza. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na Kimya hayupo.

Neno lile lilimwingia kama kibanzi kidoleni. Tangu siku hiyo alianza kumchunguza. Kila pikapu ikipiga honi nje, Kimya alipangusa mikono, akavaa shati lake, akapita mlango wa nyuma bila kuaga, na hakurudi mpaka gari liondoke. Alichelewa mara mbili na hakutoa sababu. Siku moja alimkuta amesimama karibu na ile droo.

"Unatafuta nini?"

"Penseli," alisema Kimya.

Penseli ilikuwa sikioni mwake.

Jioni alimsimulia mumewe, aliyekuwa muuguzi na mtu wa kupenda mizaha hata baada ya zamu ndefu. Mume alimsikiliza huku amezamisha miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Mimi nikikaa kimya unasema nimechoka," alisema. "Yeye akikaa kimya unasema mwizi. Tuhuma ni kama homa, mke wangu. Usiitibu kabla hujapima."

"Penseli ilikuwa sikioni!"

"Na mimi jana nimetafuta miwani nimeivaa. Niite polisi?"

Bi Sponji hakucheka. Kwa siku kadhaa hakucheka na kitu chochote. Makochi mengine mawili yalirejeshwa, moja limepasuka fremu, jingine likinuka gundi mpaka mwenyewe akalala kwa jirani. Mteja mmoja alifuta oda yake bila maelezo. Barabarani alisikia wanawake wawili wakisema kwamba ukubwa umemlevya. Siku hiyo aliingia karakanani moja kwa moja mpaka kwa Kimya.

"Fundi, nyundo yako inafanya kazi wapi pikapu ikija?"

Kimya aliweka randa chini. "Haifanyi kazi popote."

"Unakwenda wapi basi?"

"Nakaa pale kwa muuza magazeti mpaka gari liondoke."

"Kwa nini?"

Kimya alipangusa vumbi la mbao mikononi. Midomo yake ilijaribu kitu, ikakiacha. "Mama, nikisema utanichukia. Nisiposema umeshanichukia. Afadhali nisiseme."

"Basi ukaseme kwingine."

Seremala alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja. Aliifagia sehemu yake, akazikusanya takataka za randa kwenye gunia, akaegemeza fagio mahali pake. Ile subira yake ndiyo iliyomuudhi Bi Sponji kuliko yote. Alisema moyoni kwamba mtu asiye na hatia angepiga kelele.

Baada ya hapo alijiona mjanja. Alizichoma lebo zote nyekundu, akadarizi nyingine za buluu, akaweka kufuli kwenye droo na ufunguo akauning'iniza shingoni. Sasa mwizi akiendelea na zile nyekundu alizokwisha kuiba atajulikana. Lakini wasiwasi ukishapewa kiti hauombi ruhusa ya kulala. Alimshuku muuza sponji kwa kumsalimia mara mbili. Alimshuku jirani aliyekuja kuazima kiberiti. Mumewe alipochukua mkasi wa kukatia kitambaa akakate kucha za miguu, alimuuliza kwa sauti ya hakimu, "Nani amekutuma?" Mume alimtazama, akaurudisha mkasi mezani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wa kujibu.

Fremu alinunua kwa seremala mwingine, zikaja zimepinda. Akazirudia mwenyewe mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyemlazimisha, lakini hakuweza kuweka kitambaa kizuri juu ya fremu mbaya. Alijua ingemwasha usiku.

Kisha akaja bwana harusi.

Alikuja na mke wake, bado wana haya ya wageni kila mmoja kwa mwenzake, na kochi lao lilikuwa nyuma ya gari la kuazima. Mguu mmoja ulikuwa umeng'oka. "Wageni walikaa," alisema bwana harusi, "baba mkwe akaanguka." Bibi harusi aliinamisha uso, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko alichokizuia.

Bi Sponji alilipindua kochi. Lebo ilikuwa ya buluu.

Alikaa chini, palepale kwenye vumbi la randa. Kimya hakuwahi kuiona lebo ya buluu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake kila saa, hata bafuni. Isipokuwa mara moja. Siku aliyokwenda kupima macho, kaka alibaki karakanani kumlindia duka, naye alivua ufunguo akampa, ikiwa mteja atahitaji risiti, maana kitabu chake kilikaa kwenye droo hiyohiyo. Alimpa mwenyewe, kwa mkono wake, na akashukuru.

"Mlilichukua wapi?" aliuliza.

Maharusi walitazamana. "Si hapa?" alisema bwana harusi, akajua hapo hapo kwamba amejibu vibaya.

"Mwanangu, nakuuliza kwa upole."

Bibi harusi ndiye aliyesema. "Kaka yako alituambia foleni ya hapa ni ndefu, harusi itatupita. Akasema kuna njia ya mkato, kazi ni ileile, mkono ni uleule, ila tusimwambie mtu ili wengine wasilalamike. Tukalichukua ghalani, nyuma ya kituo cha mafuta."

Bi Sponji hakumwambia mumewe. Hakujua angeanzaje sentensi. Alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ila kwa msiba, akatembea mpaka kituo cha mafuta. Njiani bado alikuwa akimtetea. Labda kuna mtu anatumia jina la kaka. Labda maharusi wametumwa. Alitafuta mtu wa kumshuku kama mtu anayetafuta mwavuli huku mvua imeshamlowesha.

Ghala lilikuwa na mlango wa bati ulioachwa nusu wazi. Ndani wanaume wanne walikuwa wanabandika maboksi. Mmoja aliimba. Makochi yalipangwa mpaka ukutani, yote na ile mikono yake iliyoviringika, na katikati alisimama kaka, kalamu kinywani, anapima kitambaa kwa macho.

Walitazamana. Kaka hakutafuta mlango wala uongo. Aliitoa kalamu kinywani.

"Umechelewa kuja," alisema. "Nilidhani ungejua mapema."

"Kaka, soksi. Umemwekea Mwalimu soksi."

"Hiyo ya soksi sikuijua. Hao vijana ni wazembe." Aliwapa ishara, wakatoka nje. "Kaa, tuzungumze."

"Nikae juu ya nini?"

Hilo lilimpata, maana aliangalia makochi yake na hakuonyesha hata moja. "Sikiliza. Wateja wangapi umewafukuza ukiwaambia wasubiri? Walikuwa wanakwenda kwa mafundi wengine. Mimi nimewashika tu. Jina lako ni kubwa kuliko mikono yako, mdogo wangu. Mikono miwili haitoshi kulilisha jina kama lile. Nimekujengea kiwanda, wewe unaniletea habari za soksi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Basi ulijua."

 Nje gari liliingia kituoni, likajazwa mafuta, likaondoka.

"Na Fundi Kimya?"

"Nilimwomba anitengenezee fremu. Akakataa. Tangu siku hiyo hataki hata kuniona usoni." Alisema hivyo akitazama pembeni. "Sikumwambia mtu amfukuze."

"Uliniambia kikulacho ki nguoni."

"Nilisema methali."

Bi Sponji alitaka kulia lakini kilio kilikataa, kilikuwa na hasira. Mbele yake alisimama mtu aliyemfunga kamba za viatu, aliyemchekesha usiku wa maziko ya mama yao ili asilie. Kama angekuwa mtu mwingine angejua la kusema.

"Kesho," alisema, "nitaweka tangazo mlangoni kwangu. Kochi lolote lenye jina langu lililobonyea au kuvunjika, liletwe, nitalitengeneza upya bila malipo. Na nitasema kwamba sikuyatengeneza mimi."

"Utajiua mwenyewe! Watu watasema hata yale mazuri hayakuwa yako."

"Waseme."

"Na mimi utanitaja?"

Bi Sponji alinyoosha mkono. "Sitakutaja. Lakini wakiniuliza, sitadanganya. Lete lebo zangu."

Kaka alitoa bahasha mfukoni, akampa bila kumtazama. Kuanzia siku ile pikapu haikupiga tena honi mlangoni kwa Bi Sponji.

Tangazo lilifanya kazi vizuri kuliko alivyotaka. Makochi yalikuja kwa mikokoteni, kwa magari, jingine kichwani kwa mtu. Mengine yalikuwa ya ghalani. Mengine hayakuwa ya kaka wala ya dada. Mzee mmoja alileta kiti cha baba yake, kina umri mkubwa kuliko karakana, akaapa kwamba lebo ilidondoka. Bi Sponji alikitengeneza. Oda mpya zilikauka, muuza sponji akaanza kumsalimia kwa mbali, na mumewe akawa anarudi zamu na kukaa naye kuchambua pini huku miguu imo kwenye beseni.

"Niliwahi kukuambia upime kwanza," alisema.

"Uliniambia."

"Basi. Nilitaka tu kusikia."

Kabla ya hayo yote, asubuhi ileile ya tangazo, alikuwa amekwenda kwa Fundi Kimya. Alimkuta nyumbani kwake akitengeneza mlango wa banda la kuku, na kuku wenyewe wamesimama kama wakaguzi.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema akiwa bado amesimama.

Kimya aliendelea kupigilia msumari mpaka ukaisha. "Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema. "Ningesema lolote, mngegombana, na kesho mngepatana, na mbaya angebaki mimi. Nikaona nishike langu nikalime."

"Bado sijapatana naye."

"Utapatana. Ni kaka yako." Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumsikia akitoa, na ilionekana imemchosha. "Lakini uliniangalia vibaya, mama. Siku nyingi. Mtu akiangaliwa hivyo anaanza kutembea kama mwizi. Hata penseli niliisahau sikioni kwa hofu."

 Kimya alisema atarudi, ila si leo wala kesho. Aliporudi, baada ya wiki kadhaa, alilihamisha benchi lake kutoka nyuma ya ukuta, akaliweka mbele, mahali ambapo kila aingiaye angeona mikono yake. Hakueleza kwa nini. Hakuulizwa.

Labda benchi lile ndilo lililompa Bi Sponji wazo. Au ni yule mteja wa kwanza kurudi, mama mmoja mkaidi aliyesema, "Mimi sitoi oda mpaka niingize mkono nione mlichoweka." Bi Sponji alitaka kukasirika, kisha akasogea akampisha. Yule mama aliingiza mkono mpaka kwenye bega, akapapasa springi moja moja, akabonyeza mikanda, akatoka ameridhika na vumbi usoni. Tangu hapo ikawa desturi ya karakana ile. Kochi likifika nusu, mwenyewe anaitwa aje atazame tumbo lake kabla halijafungwa. Mafundi wengine walicheka, wakasema huyu sasa anafanya upasuaji. Lakini watu walikuja. Walikuja na mama wakwe zao. Mwalimu mstaafu, ambaye kochi lake sasa lilimtoa mtu hata kama hataki, alikuwa akipita jioni kuwaeleza wateja tofauti ya sponji nzima na mabaki, kwa sauti ya darasani.

Foleni ilirudi, ikawa ndefu kuliko zamani. Mafundi wawili waliongezwa, na kila mmoja alianza kwa kuokota pini. Miaka ilipita hivyo. Makochi ya ghalani yaliisha mjini, na ghala likageuzwa kuwa mahali pa kuoshea magari.

Kaka alirudi siku ya kawaida, mchana, kwa miguu. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni kama mteja asiye na oda, akautazama mkono wa mtu fulani uliokuwa umezama ndani ya kochi.

"Bado gari ninalo," alisema hatimaye. "Lipo pale kona. Sikutaka kupiga honi."

Bi Sponji alihisi vitu viwili kwa wakati mmoja. Moyo wake ulitaka kumkimbilia. Macho yake yalikwenda kwenye droo.

"Umekula, kaka?"

"Nimekula."

Alikuwa anadanganya, na hilo peke yake lilimjulisha kwamba bado anamjua. Alimletea chai na mkate, akamwacha amalize. Benchini, Fundi Kimya aliendelea kupiga randa bila kuinua kichwa, lakini hakuvaa shati wala kuelekea mlango wa nyuma.

"Utasambaza mizigo," alisema Bi Sponji. "Malipo kama wengine. Ufunguo wa droo sikupi. Na Fundi atakaa mbele pamoja nawe, aende na kurudi."

Kaka aliweka kikombe chini. Usoni mwake yalipita mambo mengi. "Unanishuku mpaka leo."

"Ndiyo."

Bi Sponji alidhani angeondoka. Badala yake kaka alifuta makombo kwenye meza kwa kiganja, akayatupa nje, akaenda kuleta pikapu. Walipakia kochi la kwanza bila kusemezana, kaka upande mmoja na Kimya upande mwingine. Halafu wakakaa mbele, wanaume wawili wazima, kila mmoja akitazama dirisha lake. Bi Sponji alisimama barabarani mpaka gari lilipokata kona. Alibaki bado amesimama, akisikiliza kama injini inaelekea upande wa mteja au upande mwingine, mpaka mteja wa ndani alipomwita aje amtoe mkono uliokwama kwenye springi.